Sajili Umbo Kabla ya Kulionyesha

Mwanangu, kifaa chako cha kupimia nyufa kinasifiwa kila mahali, na sifa hizo ndizo zinazonitia hofu. Unataka kukipeleka kwenye maonyesho ya wahandisi, picha zake zizunguke kwenye WhatsApp, halafu ndipo ukasajili. Haya nimewaambia wengi kabla yako. Mwili umechoka, lakini nitayarudia tena.

Kwanza ujue kilicho chako. Zamani mafundi waligandisha kipande cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, wakajua ukuta umesogea. Kioo hakikuwaambia umesogea kiasi gani wala kuelekea wapi. Baadaye vikaja vibao viwili vya plastiki angavu vinavyopandana, kimoja kina mistari ya milimita, kingine alama ya msalaba. Kila kibao hugandishwa upande wake wa ufa, na ukuta ukicheza, msalaba huhama juu ya mistari. Mhandisi husoma, huandika tarehe, hurudi tena saa zilezile, maana joto la mchana nalo hupanua na kubana ufa. Ujuzi huo umeukuta, wala ada yoyote utakayolipa haitaufanya uwe wako. Ulichobuni wewe ni sura: mzunguko wa kingo zile na mpangilio wa mistari unaovutia jicho.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda sura hiyo. Sehemu iliyoumbwa hivyo kwa sababu ya kazi yake tu, haiilindi. Mshona kanzu aweza kudai nakshi aliyobuni shingoni; hawezi kudai mikono ya kanzu. Ukiona umegundua njia mpya ya kupima, hiyo ni habari ya hataza, ombi jingine kabisa.

Sasa suala la muda, ambalo ndilo linalowaponza vijana. Umbo lisajiliwe likiwa jipya: lisiwe limechapishwa popote duniani, wala kutumika hadharani hapa Kenya. Uingereza humpa mbunifu miezi 12 ya msamaha baada ya kuonyesha kazi yake, lakini si kila nchi ina huruma hiyo, nawe unasema unataka kuuza nje. Peleka ombi kwanza KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya. Ukishapata tarehe ya ombi, Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ileile. Cheti hudumu miaka 5, na waweza kukihuisha mara mbili, jumla miaka 15.

Na akitokea mwenzako mwenye kifaa cha umbo tofauti kinachopima vilevile, usimkimbize mahakamani. Mgala muue na haki yake mpe. Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, likaua watu karibu 50. Kuta za kupimwa zipo nyingi kuliko vifaa vyetu sote, na sitaki nikuone ukimzuia mtu kupima ukuta ambao watoto wamelala chini yake.

Wiki hii chora kifaa chako mbele, nyuma, ubavuni na juu, mistari iwe safi. Na yule wa kiwandani anayekuchongea kalibu, atie sahihi ya kutunza siri kabla hujamwachia mchoro.