Kuogofyana kwa Mchezo

Killa tarehe 31 Oktoba twaikumbuka siku ile ya mwaka 1517, Martin Luther alipozitoa hoja zake 95 huko Wittenberg. Siku hiyo ndiyo mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Lakini huko Marekani, hata katika miji yenye Walutheri wengi, mkesha uo huo una desturi nyingine iitwayo Halloween. Wenzetu wakaao huko huombwa na majirani kusaidia kuiandaa, nao hujiuliza: Je, ni halali? Swali lao latupasa na sisi.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa mtaa huchagua msitu ulio karibu, hufyeka njia, hung'oa visiki visije vikamkwaza mtu gizani, na kupanga taa kandokando. Taa nyingine ni maboga yaliyokombwa ndani, yakakatwa macho na meno, na mshumaa huwaka ndani yake. Usiku ukiingia, wakubwa kwa vijana huvaa barakoa za mizimu na wachawi, na kujificha nyuma ya miti. Watoto hupita pamoja na wazazi wao. Hushtuka, hupiga kelele, kisha hucheka.

Desturi za usiku huo zililetwa zaidi na wahamiaji wa Ayalandi na Uskoti katika karne ya 19. Zamani vijana wengi waliutumia kwa uharibifu, hata kuwafungulia watu ng'ombe zao. Ndipo mwaka 1920 watu wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, walipofanya sherehe ya mji mzima ili kuwazuia. Hawakuwakaripia vijana tu, bali waliwapa jambo la kufanya. Hilo twalisifu.

Lakini je, ni upendo kumtia mwenzako hofu? Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 4, afundisha ya kuwa hofu haina mahali penye upendo. Twajibu: ziko hofu mbili. Baba amrushaye mtoto juu humshtua, naye mtoto hucheka, maana aijua mikono itakayomdaka. Hofu hiyo yakaa ndani ya matumaini. Hofu ya pili ni ya kaka amfungiaye mdogo wake gizani, apate kucheka peke yake. Alama ya kuzitenga ni hii: Je, yule anayeogofywa akisema basi, husikiwa? Mwandaaji mwema huwawekea wadogo saa ya mapema, wasitishwe. Na mwenye barakoa akiona mtoto analia kweli, huivua na kumwonyesha uso wake. Hapo Amri ya Tano hutimizwa, kwani Katekisimo yatufundisha si kutomdhuru jirani tu, bali na kumsaidia.

Tena liko jambo zito zaidi. Kwa asiyeamini uchawi, barakoa ya bibi kizee mchawi ni kichekesho. Lakini kwetu Tanzania wako bibi vizee waliouawa kwa ajili ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Mtu aliyehamia huko, ambaye bibi yake aliuawa hivyo, hataona mchezo. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, mlango wa 8, aonya ujuzi wetu usiwe kikwazo kwa mwenzetu. Basi wenzetu na wafyeke njia, wawashe taa. Bali sura ile ya bibi kizee waiache, na kuwaeleza majirani sababu yake.

Nasi huku tusijihesabie haki. Killa jioni twawatisha watoto kwa zimwi ili wanyamaze, na wengine wetu darasani huwatisha kwa jehanum ili wakariri. Wale wa msituni huvua barakoa mtoto akilia. Sisi je, twaivua lini?