Sufuria ya Waache

Waache alikufa Jumanne, kabla ya adhana ya alfajiri, kwenye kibanda changu cha shamba upande wa Ruangwa. Ugonjwa ulikuwa wa kupe. Siku nne hakula, na nilipomfunua mdomo nikaona fizi zimekuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Dawa niliifuata mjini Nachingwea, ila nilikwenda nikiwa nimeshachelewa, maana siku mbili za mwanzo nilidhani ni joto tu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilimzika mwenyewe chini ya mkorosho. Mtoto wa jirani, wa miaka saba hivi, akaja akasimama pembeni, akasema, "Bibi, pole." Mama yake akamvuta mkono: "Pole ya mbwa?" Ndiyo pole pekee niliyopewa.

Nilimwokota miaka sita iliyopita, nikirudi kutoka mnada wa ufuta wa RUNALI, ushirika wetu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Alikuwa mtaroni, ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo, mguu wa nyuma umevunjika. Bodaboda alikataa kumpakia mpaka nimrudishe kirobani. Watu walisema sana: mjane, mtu wa swala tano, anahangaika na mbwa! Nikampa jina la Waache, waseme wanavyotaka. Mguu ukaunga kwa kupinda. Usiku aliwakimbiza nguruwe pori kwa miguu mitatu na nusu, na sikupoteza tena mahindi kama zamani. Nilimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Huku kwetu jambo hilo si geni, kwani tangu 2010 mkoa wa Lindi uliingia katika mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na ugonjwa huo. Kadi yake ya chanjo ninayo, imekunjwa pamoja na vyeti vya wanangu.

Sisi ni Mashafii. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nimelishika hilo miaka yote sita. Sufuria yake ilikuwa yake peke yake, kanzu ya swala sikuivaa shambani, na kulala alilala nje, mlangoni, kwa kuwa mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Ila hukumu ile inanifundisha la kuifanyia mikono yangu na vyombo vyangu. Sijaona mahali inaponiambia nisilie. Dini hiyohiyo imetusimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye Mungu akamsamehe. Na katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Waache alilala hivyohivyo. Kila nikifika aya hiyo namwona yeye.

Nilimwuliza shehe wetu: huyu anakwenda wapi? Hakunicheka. Akanieleza kwamba Siku ya Kiyama wanyama watafufuliwa, hata asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa yule mwenye pembe, kisha wataambiwa wawe udongo. Kafiri akiona hivyo atatamani na yeye angekuwa udongo.

Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Naona kuwa udongo, kwa mnyama, ni kuachiwa. Waache hana deni la kuulizwa. Tabu inabaki kwangu, kwa sababu kazi zote ninazozijua za kumfanyia maiti ni za mtu mwenye hesabu mbele yake: tunamwosha, tunamkafini, tunamswalia, tunamsomea khitma, tunamlipia madeni. Mume wangu alipofariki nilikuwa na kazi arobaini, na kazi zile zilinibeba. Waache hahitaji hata moja. Huzuni yangu imekosa la kushika.

Jirani yangu anasema huo ndio ushahidi kwamba haifai kumlilia. Sikubaliani naye. Sura ya Al-An'am imetufundisha kuwa wanyama ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Kabla ya udongo kuna kukusanywa. Basi ataitwa, walau mara moja, na atasimama. Natamani niwe karibu nimwone amesimama kwa miguu minne mizima.

Kule Nachingwea kuna mahali panaitwa Stesheni. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, iling'olewa miaka ya 1960. Vijana wa leo hawajaona hata taruma moja, ila jina wanalitaja kila siku. Nami jioni, nikimaliza kupika, hujikuta naita, "Waache!" Ng'ambo ya bonde mbwa wa watu wanabweka.

Siku ile ya kuzika niliosha mikono mara saba. Ile moja ya udongo niliuchota palepale, kwenye kifusi cha kaburi lake, kabla sijamfukia.

Shehe ameniambia sufuria nayo nikiiosha hivyo itakuwa safi, naweza kuipikia. Ni sufuria nzima, haijatoboka. Iko palepale mlangoni, ugali umekauka pembeni, na alama za ulimi wake zinaonekana. Sijaiosha.