Tiva wa Ngonga Anamwimbia Nani?

Zaburi ya 104 inawataja ndege waimbao matawini, kando ya chemchemi. Kurani nayo, katika sura ya An-Nur, aya ya 41, inasema walioko mbinguni na duniani humtukuza Mungu, hata ndege wakunjuao mbawa zao, na kila mmoja anaijua sala yake. Kwa muumini wa Ngonga, wilayani Kyela, jibu limeshatolewa: ndege anamsifu Muumba. Mwanasayansi akija na kinasa sauti na kusema ndege huyo analinda eneo lake, je, amemnyang'anya Mungu sifa?

Tiva anafaa kuulizwa swali hili. Ni ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, apendaye kujificha vichakani, hivyo husikika kuliko anavyoonekana. Mmoja hutoa mlio kama wa kengele, mwenzake akaitikia upesi mno, hata msikilizaji akadhani ni ndege mmoja. Miaka ya 1960, William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizichunguza nyimbo za namna hii za Afrika Mashariki. Alitumia mashine inayogeuza sauti kuwa mchoro, na pengo kati ya wito na mwitikio likapimika kwa sehemu ndogo za sekunde. Thorpe huyo huyo alikuwa Mkristo wa jumuiya ya Quaker. Kipimo hakikumvunjia imani.

Huko Oxford, miaka ya 1970, John Krebs na wenzake waliwaondoa ndege kwenye maeneo yao ya msituni, kisha baadhi ya maeneo wakayawekea vipaza sauti vyenye nyimbo zao. Palipokuwa na wimbo palichelewa kuvamiwa. Wimbo, basi, ni ulinzi.

Wala si kazi ya madume peke yao, kama wataalamu wengi wa Ulaya walivyodhani kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi za ndege waimbaji zilizochunguzwa.

Milima ya Tanzania imetoa ushahidi wa kushangaza zaidi. Jay McEntee na Rauri Bowie, pamoja na Watanzania akiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walirekodi chozi wa misitu ya milimani, ndege ambao hujifunza wimbo kwa kusikia wenzao. Matokeo yao ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa baadhi ya jamii zilizotenganishwa na mabonde bado zinaimba karibu sawa, baada ya miaka inayokadiriwa kufikia 500,000 au zaidi.

Mwaka 1963 mtaalamu wa tabia za wanyama, Niko Tinbergen, aligawa maswali kuhusu tabia ya mnyama katika mafungu manne: mwili unaifanyaje, inakuaje tangu utotoni, inamfaidi nini, na ilitokana na nini katika vizazi vilivyopita. Swali la muumini halimo katika hayo manne, kwa hiyo kinasa sauti hakiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hata kula na kunywa kufanywe kwa utukufu wa Mungu. Ikiwa chakula cha mtu chaweza kuwa ibada bila kuacha kuwa chakula, basi tiva anaweza kumsifu Mungu kwa kulilinda tu eneo lake. Anayekosea ni yule anayemwekea ndege maneno ya binadamu mdomoni, na pia yule anayedhani kujua faida ya wimbo ni kumaliza maana yake.

Lakini imani hiyo ina deni. Tiva huishi vichakani, na vichaka vya kingo za mito Mbaka na Kiwira ni mali ya kulindwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Makanisa na misikiti ya Kyela iwahimize waumini kuzitunza mita hizo.