Mkuki Watakiwa, Mhunzi Hatakiwi



Huko bara, katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, wanaishi wafugaji wa makabila mawili, Wamasai na Wadatoga. Zamani walipigana sana, lakini katika jambo moja desturi yao ni moja: kila kabila limewatenga wahunzi wake.

Mhunzi wa Kimasai huitwa ol-kunoni. Mkuki na sime hutoka mkononi mwake. Hata hivyo, kwa mila yao ya kale mtu asiye wa ukoo wa wahunzi hakuoa kwao, na alipopokea chuma kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza, asipatwe na unajisi. Kwa Wadatoga ni vivyo hivyo. Kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wahunzi wao huyeyusha shaba ya kufuli mbovu wakafanya bangili, na misumari huifua ikawa vyembe vya mishale vya kuwauzia Wahadzabe, wawindaji wa huko. Lakini katika ndoa, mila huwataka waoane wao kwa wao.

Wamasai wa kale walitoa sababu: mhunzi amechafuka kwa kuwa hutengeneza vyombo vya kumwaga damu. Tazama ajabu hii! Aliyeufua mkuki ni najisi, na aliyeuchoma kifuani mwa mwenziwe ni shujaa, huimbiwa nyimbo.

Tusiwacheke. Warumi wa kale, waliojigamba kwa ustaarabu, walikuwa na wakubwa wao, mapatrisi, na watu wa kawaida, maplebu. Wengi wa maplebu walikuwa wakulima na mafundi, nao walikwenda vitani. Juu ya hayo, sheria ilikataza pande hizo mbili kuoana, hata ilipoondolewa katazo hilo mwaka 445 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Damu ya maplebu ilifaa kumwagika kwa ajili ya Roma, lakini haikufaa kuchanganyika.

Na huku pwani kwetu je? Utumwa ulifutwa na sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini posa ikija, utasikia mtu akinong'ona: "Babu yake huyo alikuwa nani?" Kijana ana dini na tabia njema, ila ni mvuvi, au seremala, au mchukuzi, hurejeshwa kwa jibu la "tutafikiri." Samaki wake twamla, kitanda chake twakilalia.

Atasema mtu: "Sheikh, kwani kufu haimo katika fiqhi?" Imo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja nasaba na kazi. Lakini wamesema pia kuwa hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa husihi. Imewekwa kumlinda binti, haikuwekwa kumdharau mja wa Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatma binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo hakupenda, kisha akaona kheri nyingi. Na Khabbab bin Arat, katika watu wa mwanzo kusilimu, alikuwa mhunzi Makka. Mkubwa mmoja wa Kikureshi alifanyiwa kazi naye, kisha akakataa kumlipa mpaka aikanushe dini yake. Leo ni nani kati yetu asiyetamani kuwa jirani wa Khabbab huko Akhera?

Basi, wazazi wenzangu, posa ikija tuanze kuuliza dini na tabia. Kazi tuiulize kama ni ya halali na kama yatosha kumlisha mke. Na binti mwenyewe tumuulize, kwani ndiye atakayeishi naye. Wala tusijidanganye kuwa twamheshimu fundi kwa sababu twamlipa ujira wake. Mmasai naye alimlipa mhunzi, kisha akajipaka mafuta mkononi.