Kumtia Damu Mgonjwa Nyumbani

Alhamdulillahi Rabbil-aalamina. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Tumeulizwa katika darsa letu suala ambalo lafaa lijulikane na wote. Kijana mmoja mamake amepungukiwa na damu. Mama ameapa kuwa harudi hospitali, kwani aona haya kufunuliwa mbele ya wanaume. Mtu mmoja amejitokeza kumwuzia kijana mfuko wa damu, na kuja usiku kumtia mama kitandani pake. Na katika jamaa wako wasemao kuwa damu ni haramu, bora mama aachiwe Mola wake.

Twaanza na hawa wa mwisho. Kula damu ni haramu, hapana hitilafu. Lakini aya ya 173 ya Suratul-Baqara, iliyoharimisha damu, hiyo hiyo imemwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura. Mwaka 1959 Mufti wa Misri, Sheikh Hasan Maamun, alitoa fatwa ya kujuzisha kumtia mgonjwa damu ya mwenziwe. Wala damu haileti udugu kama maziwa ya kunyonya. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Makka waliamua hivyo mwaka 1989. Basi kumwacha mama afe kwa jina la dini si ucha Mungu. Ni ujinga uliovishwa kilemba.

Ama kutiwa damu nyumbani, asili yake si haramu. Katika nchi kama Ufaransa na Italia wako wagonjwa dhaifu watiwao damu majumbani mwao. Lakini huko daktari ndiye aamuaye, na muuguzi aliyefundishwa humwangalia mgonjwa, dawa za dharura zikiwa tayari. Kwani tangu Karl Landsteiner abainishe makundi ya damu mwaka 1901, yajulikana kuwa damu isiyoafikiana yaweza kuua. Hupimwa kundi lake, ikalinganishwa na ya mgonjwa, ikachunguzwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Huhifadhiwa katika baridi, na ikishatolewa yapasa imalizike kutiwa katika saa 4. Je, muuza mfuko wa usiku ayajua haya? Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara i juu yake. Na thamani ya damu ameikataza.

Basi jawabu letu ni hili: kijana asinunue damu hiyo. Ampeleke mamake hospitali, aombe muuguzi mwanamke, na dada zake wakae naye wamsitiri. Haya ya mama ni katika imani. Yapasa iheshimiwe, wala isiwe sababu ya kumpoteza. Na kiapo chake kina kafara: kuwalisha maskini 10.

Limebaki moja, nalo latuhusu sisi. Damu ya hospitali haikushuka mbinguni. Ni mtu aliyelala akatolewa kiasi cha mililita 450. Twajua kumsomea mgonjwa Yasini na kumpelekea uji. Je, katika hao jamaa waliobishana juu ya kitanda cha mama, ni nani aliyenyosha mkono wake? Suratul-Maida, katika aya ya 32, imefanya kuhuisha nafsi moja kuwa kama kuhuisha watu wote. Mwenye afya na ajitokeze kabla hajaitwa.

Wallahu aalam.