FEDHA, ZIWA NA AMANA YETU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Huenda baadhi yenu wakauliza: sisi watu wa pwani tuna nini na Migori na Homa Bay, nchi zilizo upande wa pili wa Kenya, kando ya ziwa ambalo wengi wetu hatujaliona kwa macho? Jawabu ni kuwa tuna mengi. Samaki wa ziwa hilo auzwa katika masoko yetu. Waislamu wenzetu wanaishi huko, na adhana husikika katika miji hiyo kama isikikavyo Mombasa. Na zaidi ya hayo, ugonjwa unaolila ziwa lile ndio huu huu unaoila bahari yetu. Mtu atakaye kujua hali ya uso wake hutazama kioo. Na kioo chetu leo kiko huko.

Neno tunalotaka kulisema ni hili. Hakuna mti ukatwao wala samaki avuliwaye ila nyuma yake mara nyingi pana fedha ya mtu iliyotangulia. Kadhalika hakuna msitu uliohifadhiwa ila pana aliyegharimia hifadhi yake. Basi mwenye kutaka kujua habari za miti na samaki, na aanze kwa kuuliza habari za fedha: ni ya nani, imetolewa kwa sharti gani, na nani atakayeitolea hesabu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alitiwa katika Ziwa Victoria samaki mgeni, sangara, ambaye Waluo wamwita mbuta, ili ziwa lizae mali zaidi. Na kweli lilizaa. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa, viwanda vikajengwa kando ya ziwa, na minofu ikasafirishwa hata Ulaya. Lakini sangara ni mla samaki wenziwe. Katika ziwa hilo mlikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, wasiopatikana popote pengine duniani, na wataalamu wakadiria kuwa yapata aina 200 katika hizo zimetoweka. Aina ya kiumbe ikitoweka, hapana mkono wa mwanadamu uwezao kuiumba tena.

Sasa tazameni fedha ilivyofanya kazi yake. Mvuvi maskini hana mashua wala mashine wala wavu. Huja tajiri akampa vyote hivi kwa mkopo, kwa sharti kuwa samaki wote amwuzie yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Mvuvi akipata pungufu, deni lazidi. Deni likizidi, hutafuta wavu wa macho madogo, akavua hata vitoto vya samaki vilivyokuwa vizae mwakani. Serikali humkamata mvuvi na kuuchoma wavu wake, na tajiri aliyeununua wavu huo hukaa barazani kwake. Wala si mvuvi peke yake. Wako wanawake wachuuzi ambao, kwa kukosa mashua yao, hutakiwa kulipa kwa miili yao ndipo wauziwe samaki. Na jambo hilo lina jina lake huko, huitwa jaboya. Audhubillahi! Huo ndio mwisho wa fedha isiyomcha Mungu: huanza kwa kula samaki, ikamaliza kwa kula heshima za watu.

Na tusiwanyoshee kidole watu wa ziwa tu. Je, desturi hii ya tajiri na mvuvi haijulikani Vanga, Shimoni, Kilifi na Lamu? Twajua kuwa yajulikana. Na wanazuoni wetu wameweka kanuni kuwa mkopo wowote unaomvutia mkopeshaji manufaa kwa sharti, huo umeingia katika mlango wa riba. Basi yule asemaye kuwa hali riba kwa kuwa hakutaja asilimia, hali akimnunulia mdeni wake samaki kwa bei ya chini kuliko ya soko, na aulize mwanachuoni kabla hajaulizwa na Malaika.

Toka ziwani twende bara kidogo, Migori na Kuria. Huko kwa miaka mingi wakulima wamelima tumbaku. Kwa nini tumbaku na si chakula? Kwa sababu makampuni ya tumbaku hutoa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha hununua mavuno yenyewe na kukata deni lao. Na tumbaku hukaushwa kwa moto, moto wataka kuni, na kuni ni miti. Hivyo vilima vikavuliwa nguo. Kadhalika katika Nyatike, penye mgodi wa kale wa Macalder, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu kwa zebaki. Husaga mawe, wakayachanganya na maji na zebaki, zebaki ikashikamana na dhahabu. Kisha huichoma, na moshi wake ukaingia vifuani mwao na mwa watoto wao. Itakayobaki huchukuliwa na mvua hata Mto Migori, na mto huo waungana na Kuja ukamwagika ziwani, na humo ziwani sumu huingia katika nyama ya samaki. Mara nyingi anayempa mchimbaji zebaki ni yule yule anunuaye dhahabu. Kenya imeridhia mwaka 2023 mkataba wa mataifa wa Minamata wa kuipiga vita zebaki. Lakini mkataba haumlipii mchimbaji gharama ya chombo kingine cha kazi.

Hata hivyo, Migori hiyo hiyo imetuonyesha jambo la kutia moyo. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya kilimo na ya chakula walianza mpango wa kuwatoa wakulima katika tumbaku. Hawakuwatolea hotuba tu. Waliwapa mkopo mdogo wa mbegu na mbolea, na shirika la chakula likawa mnunuzi wa mavuno yao. Tofauti ni kuwa mbegu ilikuwa ya maharage. Fikirini, ndugu zetu! Mkulima ni yule yule, shamba ni lile lile, na njia ya mkopo na soko ni ile ile iliyotumiwa na tumbaku. Kilichogeuka ni nia ya mwenye fedha. Mkulima hakuipenda sumu; aliufuata mlango uliokuwa wazi.

Sasa natutazame fedha za dunia. Wenye kutia moshi mwingi angani ni mataifa tajiri, na Kenya sehemu yake ni ndogo mno. Lakini mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kupita hata kiwango cha mwaka 1964, maji hayakuingia katika nyumba za matajiri wa Ulaya, bali yaliingia katika nyumba za watu wa ufukweni. Mataifa hayo yaliahidi huko Copenhagen, mwaka 2009, kuwa ifikapo 2020 yatatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Ahadi haikutimia kwa wakati wake; kwa hesabu yao wenyewe ilitimia 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni mikopo. Mwaka 2024, huko Baku, waliahidi tena dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mtu akikuchomea nyumba, kisha akakukopesha fedha za kuezeka, je, amekulipa au amekuongezea deni?

Katika fedha hizo zimo zilizofika kwetu. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliikubalia Kenya mkopo wa dola milioni 150 kwa mpango uitwao FLLoCA, na nchi nyingine za Ulaya zikaongeza misaada yao. Makusudio yake ni mema: kaunti ziweke mifuko ya mabadiliko ya hali ya hewa, na kamati za wadi ziseme zenyewe kama zataka bwawa, au miche, au ukingo wa mto. Lakini neno mkopo lisitupite. Mkopo huu atakuja kuulipa mtoto ambaye hajazaliwa, wa Homa Bay na wa Mombasa sawasawa. Basi anayekula fedha hiyo kwa semina zisizo na tija na miche inayopandwa kwa ajili ya picha, ameiba mara tatu: amemwibia mkopeshaji, amemwibia mwenye haki leo, na amemwibia mlipaji wa kesho.

Na fedha hata isipoibwa, yaweza kukosea njia. Mwaka 1997 ulianza mpango mkubwa wa kulihifadhi Ziwa Victoria, kwa fedha za Benki ya Dunia pamoja na misaada, na moja katika kazi zake ilikuwa ni kulipiga vita gugu maji, ambalo limewahi kuziba hata ghuba ya Homa Bay. Wadudu walalo gugu walitiwa, gugu likapungua, kisha likarudi. Kwa nini? Kwa sababu chakula cha gugu ni taka za miji na mbolea ya mashamba, na hicho kiliendelea kumiminwa ziwani kila mvua inyeshapo.

Liko na jambo jingine. Katika Homa Bay, katika Bonde la Lambwe, pana Mbuga ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Huko ndiko alikobaki korongo, yule mnyama mwenye pembe aliye jamaa ya palahala wetu wa Shimba Hills. Katika Kenya nzima hapatikani kwingine porini, na hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilikuta 15 tu. Kwetu Gazi, tangu 2013, wanakijiji wauza kwa wageni hewa inayosafishwa na mikoko ya hekta 117, na fedha zake huenda katika maji na skuli, nasi twawapongeza. Lakini korongo 15 ni nani atakayewanunulia chochote? Soko hulinda lenye bei. Kisicho na bei hakina mlinzi ila amana, na amana ndiyo aliyobebeshwa mwanadamu alipofanywa khalifa katika ardhi. Suratur Rum yatufunza kuwa ufisadi uliodhihiri bara na baharini ni chumo la mikono ya watu. Basi na marekebisho yake ni juu ya mikono hiyo hiyo.

Dini yetu haikutuacha bila ya njia. Mtume s.a.w. alitenga Naqii iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya wote. Sayyidna Umar r.a. naye akatenga Rabadha, akamwusia mlinzi wake Hunayy amwachie aingie mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na awazuie mifugo wa matajiri, na hali hao ni masahaba watukufu, kwa kuwa tajiri akipotelewa na mifugo anayo mashamba ya kurejea, na maskini hana. Umar huyo huyo alipopata shamba Khaybar, Mtume alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Asili isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi. Huo ndio wakfu. Na Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi, Mtume alimkemea mbele ya watu, akauliza kama angezawadiwa lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Haya ndiyo masharti matatu ya fedha ya hifadhi: maskini atangulie, asili isiliwe, na mwenye kushika atoe hesabu hadharani.

Basi yatupasa nini? Kwanza, katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni. Tumtafute mvuvi aliyefungwa na deni la wavu, wa ziwani na wa pwani, tumfungue. Pili, wenye uwezo katika sisi watoe mkopo mwema usio na riba wala sharti la bei, ili mvuvi awe na chombo chake na mchuuzi mwanamke awe na mtaji wake. Tatu, wazee wetu waliweka wakfu majumba na minazi. Nasi tuweke wakfu mikoko, chemchemi na vitalu vya miche, Gazi na Homa Bay pia, kwani Mtume ametufunza kuwa mti aulao ndege, au mtu, au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda. Nne, tuhudhurie mikutano ya wadi na tuulize kwa adabu: fedha ngapi zimekuja, zimefanya nini, na bwawa liko wapi?

Wala asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya serikali na Wazungu. Siku ya Kiyama mja ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini, na hatutaweza kujibu kuwa tulikuwa twangojea wafadhili.

Ewe Mola wetu, ihifadhi ardhi yako na maji yako, na viumbe wako uliotukabidhi. Watoshelezee wavuvi na wakulima kwa halali yako, uwaepushe na madeni. Utujaalie kuwa wenye kutekeleza amana, wala usitujaalie kuwa wenye kula haki ya wasiozaliwa. Amin, ya Rabbal alamin.