Chombo cha Zamani na Barabara Mpya

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Wakasema tena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Leo twataka kuzipima methali hizi kwa jambo linalozungumzwa katika nyumba nyingi zenye gari. Kile chombo cha GPS kilichofungwa garini miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, chenye kumwambia dereva apinde kushoto au kulia, je, kibadilishwe, au kiachwe kiendelee na kazi yake?

Wengine watasema kwamba hili ni jambo la fundi, wala si la tahariri. Sisi twaona vingine. Kila mara fedha ya nyumba itolewapo, na kila mara mtu ashikapo usukani hali amebeba roho za wengine, pana swali la haki ndani yake.

Kwanza yafaa kujua ni kitu gani hasa kinachozeeka. Setilaiti za GPS ni mali ya Serikali ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, nazo huzunguka dunia kwa urefu wa kilometa 20,200 hivi. Chombo cha garini hakisemi nazo neno, husikiliza tu. Kikipata mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, hupiga hesabu na kujua mahali kilipo, wala mwenye chombo halipi hata senti moja kwa kazi hiyo. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi wanayopewa raia. Tangu walipoacha, hata chombo cha miaka mingi huonyesha mahali kwa kukosea mita chache tu. Vyombo vipya husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, na hilo huvisaidia kati ya majengo marefu. Lakini katika barabara ya wazi kutoka Dodoma kwenda Singida, cha zamani chaona vya kutosha. Basi asidanganywe mtu kwamba chombo chake kimekuwa kipofu kwa sababu ya umri tu.

Kinachozeeka ni ramani iliyomo ndani yake. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Victoria. Ramani ya kabla ya hapo humwambia dereva atokaye Mwanza kwenda Geita avuke kwa kivuko. Katika Dar es Salaam, daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, barabara za juu za Ubungo mwaka 2021, na daraja la Tanzanite mwaka 2022. Mzee aliyeuhama mji siku nyingi, ukimwuliza njia, hukujibu, "Zamani ilikuwa hivi, lakini waulize wenyeji." Chombo hakina adabu hiyo. Husema habari za zamani kwa sauti ile ile ya uhakika kama habari za leo.

Tena kuna jambo la kalenda. Setilaiti hizi zilipangwa kuhesabu majuma 1,024, kisha hesabu hurudi kwenye sifuri. Ilitokea hivyo mwaka 1999, ikatokea tena Aprili 2019. Vyombo vingine ambavyo havikurekebishwa vikaanza kuonyesha tarehe za uongo, na vingine vikashindwa kazi. Mwenye chombo cha zamani akitazame na tarehe pia, wala asitazame njia peke yake.

Tukishajua hayo, swali labadilika. Haitoshi kuuliza kama chombo ni kikuukuu. Yatupasa kuuliza: kikikosea, nani atakayeumia? Mkulima aendaye sokoni kwa njia aliyoizoea tangu ujana hapotezi kitu kwa ramani ya zamani. Macho yake ndiyo ramani. Lakini dereva achukuaye wagonjwa usiku, au abebaye abiria katika mji asioujua, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akibana matumizi. Kwake yeye njia iliyo sahihi ni sehemu ya deni lake kwa wale aliowabeba. Kwa upande mwingine, baba wa nyumba anunuaye chombo kipya ili majirani waone kioo kipana chenye kung'aa, na huku karo ya watoto haijalipwa, naye hana utetezi. Huyu amechukua mali ya watoto akainunulia sifa.

Wapo wasemao, "Tuache vyombo hivi vyote, tuulize watu njia, maana kuuliza si ujinga." Twakubali kwamba kumwuliza mwenyeji ni jambo jema lisilopasa kufa, na lina faida ya kuwakutanisha watu. Lakini saa nane za usiku, mvua ikinyesha, mwenyeji yu kitandani. Hekima ni kuvitumia vyote viwili, na kibao cha barabarani kikipingana na chombo, kibao ndicho cha kufuatwa.

Hapa twapenda kusema neno kwa wauzaji. Mwaka 2018 kampuni ya TomTom ya Uholanzi ilitangaza kwamba baadhi ya vyombo vyake vya zamani havitapata tena ramani mpya, na kati ya hivyo vilikuwamo vilivyouzwa kwa ahadi ya ramani za maisha. Mnunuzi alidhani ni maisha yake, au walau ya gari lake. Kumbe yalikuwa maisha ya chombo, na mwenye kuyapima ni kampuni. Neno lenye maana moja dukani na maana nyingine katika mkataba si neno la haki, hata kama sheria yaliruhusu. Mnunuzi naye aulize mapema: ni miaka mingapi?

Ushauri wetu ni huu. Mume na mke waketi pamoja, waandike safari zao za kweli za mwaka mzima. Ikiwa ramani yaweza kupyaishwa kwa gharama ndogo, ipyaishwe, na chombo kikae. Ikiwa haiwezekani, watazame kama simu iliyomo nyumbani yatosha, maana huweza kuhifadhi ramani hata pasipo mtandao. Ila ifungwe mbele ya dereva, isishikwe mkononi. Kununua kipya kuwe jambo la mwisho, kwa yule ambaye safari zake zadai hivyo.

Na cha zamani kisitupwe jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na isiyofika robo yake ndiyo inayojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Apewe mwenye kukihitaji, aambiwe wazi kasoro zake, na kwanza ifutwe humo anwani ya nyumba yenu. Mwenye kutoa na afiche makao yake, lakini asimfiche mpokeaji ubovu wa kitu anachompa.